Upungufu wa damu kwa wajawazito: Chanzo kimo ndani ya nyumba zetu



Ndugu msomaji, juma hili safu yetu inazungumzia maradhi ambayo kule kusini, Newala juu ya uwanda wa Makonde na Masasi chini yake, kila nyumba inayafahamu kwa jina moja au jingine. Wapo wanaoyaita kuishiwa damu, wapo wanaosema safura, na kwenye kadi ya kliniki huandikwa upungufu wa damu. Mjamzito anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, kisha muuguzi anamwambia, "Mama, damu yako ni nane." Anarudi nyumbani na nane yake. Mume anauliza, "Sasa nane ndiyo nini?" Mara nyingi jibu linalopatikana ni chupa ya soda nyekundu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nane hiyo ni gramu nane za himoglobini katika kila desilita ya damu. Himoglobini ndiyo inayoipa damu wekundu wake, na kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini, na kwa mjamzito mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Kipimo kilichozoeleka kliniki ni kwamba mjamzito asiwe chini ya 11. Akiwa kati ya 7 na karibu 10 hali yake si ya kupuuzwa, na akishuka chini ya 7 huyo ni mgonjwa wa hospitali, hata kama bado anatembea na kutwanga. Tusidhani pia kuwa hili ni la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa Tanzania nzima wajawazito 57 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu.

Kwanini mjamzito? Mimba inapokua, mwili huongeza kiasi cha damu karibu kwa nusu ya ile iliyokuwapo. Lakini maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, hivyo damu huwa nyepesi kidogo, na hilo ni jambo la kawaida. Tatizo linakuja pale ambapo mwili hauna akiba ya kutengenezea chembe mpya. Kwa mimba nzima mama huhitaji takriban gramu moja ya madini ya chuma: kwa ajili yake, kwa mtoto, kwa kondo la nyuma na kwa damu itakayotoka siku ya kujifungua. Gramu moja inaonekana ndogo, lakini mwanamke aliyeingia kwenye mimba akiwa tayari hana akiba hawezi kuipata kwenye sahani ya ugali peke yake. Qur'an Tukufu, katika Surat Luqman aya ya 14, inatukumbusha unyonge anaoupitia mama anapobeba mimba. Anayemwona mkewe anahema kwa kupanda ngazi tatu, ana kizunguzungu, moyo unamwenda mbio, viganja na ukope wa ndani vimekuwa vyeupe, asiseme "huo ni uvivu wa mimba".

Sasa tuangalie damu hii inakwenda wapi, au kwanini haipatikani. Watu wengi wa kusini wakiulizwa hujibu neno moja: muhogo. Ni kweli ugali wa muhogo una chuma kidogo sana. Lakini kuulaumu muhogo peke yake ni kuonea zao lililowaokoa watu wetu na njaa miaka nenda miaka rudi. Kinachoamua ni kile kinachokaa pembeni ya ugali huo, na ni nani anayekila.

Chuma kinachotoka kwenye nyama, maini, kuku na samaki huingia mwilini kwa urahisi zaidi kuliko kile cha majani na nafaka. Basi tazama sahani zetu. Siku nyumba imepata nyama, kipande kikubwa ni cha baba, kinachofuata ni cha wageni, na mjamzito aliyeipika anakomba mchuzi. Tena wapo wanaomkataza yai ati mtoto atazaliwa hana nywele. Hayo hayana msingi katika dini wala katika tiba. Maini na bandama, ambavyo baadhi ya watu huviona kama damu na kuvitilia shaka, Mtume (s.a.w.) ameturuhusu. Kwa mjamzito maini ni chakula kizuri, ila yaliwe kwa kiasi, kipande kidogo mara moja moja, hasa miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno. Na ikifika Idd el-Hajj, ndugu unayechinja, unapogawa mafungu kumbuka kuuliza ni nyumba ipi jirani ina mama mjamzito.

Kwa siku ambazo nyama haipo, ambazo ndizo nyingi, kuna dagaa, mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kikaiva sawasawa, matembele na mchicha. Chuma cha vyakula hivi ni kigumu kufyonzwa, lakini kikikutana na kitu chenye vitamini C katika mlo uleule hufyonzwa zaidi. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, embe, papai, chungwa, vyote vinasaidia. Na hapa watu wa Masasi na Newala wana neema ambayo wengine hawana. Bibo, lile tunda la mkorosho, lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Linaanguka chini ya mikorosho yetu kwa maelfu msimu wa korosho, na sehemu kubwa inaishia kuoza au, Allah atuhifadhi, kwenye mapipa ya uraka. Bibo bichi lililooshwa vizuri, akilila mama pamoja na mlo wake wa mbaazi, lina faida kubwa. Korosho yenyewe ina chuma pia, lakini ngapi zinabaki nyumbani baada ya magunia kwenda ghalani?

Kinyume cha bibo ni chai. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisifyonzwe, na huzuia zaidi ya nusu yake. Mjamzito hakatazwi chai, aiache tu ikae mbali na mlo na mbali na vidonge, saa moja au mbili. Na ile juisi ya rozela inayosifiwa kuwa "inaongeza damu" kwa sababu ni nyekundu? Rangi yake si damu. Uchachu wake unaweza kusaidia mboga aliyokula nayo, lakini anayeacha vidonge akategemea rozela anajidanganya. Soda nyekundu haina hata hilo, ni sukari na rangi.

Lipo jingine ambalo akina mama hulifanya kwa siri: kula udongo. Wengine huchukua wa kichuguu, wengine hununua ule wa kuoka unaouzwa sokoni kwa vipande. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu wajawazito zaidi ya 2,300 wa kisiwani Pemba, ulikuta kuwa tabia ya kula visivyo chakula, udongo ukiwamo, inaambatana na upungufu wa damu. Wataalamu bado wanajadiliana kipi kinaanza: je, udongo unazuia chuma tumboni, au mwili uliokwisha pungukiwa damu ndio unaotamani udongo? Kwa mama wa nyumbani jibu la mjadala huo halibadilishi kitu. Hamu ya udongo ni sababu ya kwenda kupimwa damu. Asifokewe wala asichekwe, maana akichekwa ataficha na kuendelea.

Tuje kwenye usafi, ambao ndio hasa unaotuhusu katika safu hii. Minyoo ya safura ni midogo, haizidi urefu wa punje ya mchele kwa mbali, lakini hung'ang'ania ukuta wa utumbo na kunyonya damu usiku na mchana, na huweza kuishi humo miaka. Tafiti zilizofanywa kwa watoto wa shule huko Pemba miaka ya 1990 zilionyesha wazi jinsi minyoo hiyo inavyomaliza chuma mwilini. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakiangukia kwenye udongo wa kichanga, wenye unyevu na kivuli, huanguliwa, na baada ya siku chache vijidudu vyake huwa tayari kupenya ngozi ya mguu mtupu. Soma tena maneno hayo: kichanga, unyevu, kivuli. Ndiyo hali ya chini ya mikorosho na miembe yetu wakati wa mvua, mahali ambapo watu hujisaidia wakiwa shambani na ambapo mama anapita peku akiokota korosho au akipalilia.

Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kujisaidia njiani, kwenye kivuli wanachopumzikia watu na kwenye vyanzo vya maji. Tunayajua haya tangu madrasa, tunayasoma katika mlango wa twahara, kisha tunakwenda shambani na kuyaacha nyumbani. Choo cha shambani hakihitaji saruji. Shimo, magogo imara, mfuniko na jivu vinatosha, mradi kiwe mbali na kisima. Kandambili za mjamzito nazo ni dawa. Na kliniki hutoa dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita, albendazole au mebendazole, mara moja tu, na mama asiikatae.

Habari ya maji inataka maelezo yake. Wasiofika Newala hawajui kuwa juu ya uwanda ule mvua inanyesha lakini maji hayakai, yanazama kwenye mchanga mpaka chini kabisa na kutokea kwenye chemchemi za mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka miteremko mirefu na kupanda na ndoo kichwani. Juhudi za kuyapandisha maji kwa mitambo zilianza miaka ya 1950, na visima vya Mitema katika bonde la Kitangari vimekuwa tegemeo la mradi wa maji wa Makonde. Lakini bomba likikauka, anayeshuka bondeni ni nani? Ni yuleyule mwenye damu nane. Shida ya maji pia ndiyo inayofanya mchicha ukose kiangazi na mikono isioshwe baada ya choo. Kwa hiyo mume mwenye baiskeli akibeba madumu mawili asubuhi, amefanya tiba, na wala hajavunjiwa heshima. Mtume wetu mwenyewe alikuwa akiwasaidia ahli zake kazi za nyumbani.

Malaria ndiyo mwizi mkubwa wa damu ambaye hatumshuku. Mkoa wa Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini. Vimelea vyake huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Kwa mjamzito huwa na hila ya ziada, hujificha kwenye kondo la nyuma. Mtu mzima aliyekulia kwenye malaria anaweza asipate homa kabisa, akasema "mimi mzima", huku damu inashuka na mtoto anadhoofika. Mwenye mimba ya kwanza yuko hatarini zaidi. Ndiyo maana kliniki humpa vidonge vya SP hata kama haumwi. Huanza baada ya miezi mitatu ya mwanzo, kila dozi ikiwa na mwezi au zaidi baada ya iliyotangulia, na asipungukiwe na dozi tatu mpaka kujifungua. (Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi au septrin amweleze muuguzi kabla, utaratibu wake ni tofauti.) Chandarua chenye dawa anachopewa kliniki ni cha kulalia yeye. Kumekuwa na mtindo wa vyandarua kuonekana vikizungushwa kwenye bustani za mboga na vibanda vya kuku, na hili kwa kweli halina utetezi.

Kuna sababu zingine tunazipitia haraka: selimundu, Ukimwi, kifua kikuu, kichocho kwa waliokulia penye mabwawa na mito ya mwendo wa polepole, na kutokwa na damu wakati wa mimba. Hizi ni za daktari, kazi yetu ni kufika mapema.

Mapema ni lini? Kabla ya wiki ya 12. Katika utafiti ule wa 2015-16, ni mwanamke mmoja tu kati ya wanne hivi aliyeanza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Wengi husubiri tumbo lionekane. Wengine wanaogopa husuda ya watu. Wengine wanasubiri ruhusa, na kwetu kusini ruhusa haitoki kwa mume peke yake: bibi mzaa mama na mjomba wana sauti kubwa katika mambo ya uzazi. Basi darsa hili liwafikie na wao. Anayeanza kliniki mwezi wa saba na damu saba amebakiwa na wiki chache tu, na vidonge havifanyi kazi kwa usiku mmoja.

Vidonge vyenyewe ni vya chuma na asidi ya foliki, maarufu kama FEFO, kimoja kila siku kwa mimba nzima. Tatizo ni kuwa vingi vinabaki kwenye pakiti. Mama anaona choo kimekuwa cheusi anaogopa, na kumbe hiyo ni rangi ya chuma isiyodhuru. Anapata kichefuchefu au choo kigumu, anaacha. Ajaribu kukimeza usiku kabla ya kulala, baada ya kula kidogo, na anywe maji ya kutosha. Wapo wanaoviogopa wakisema vinamfanya mtoto awe mkubwa apite kwa shida. Anayefanywa mdogo na kuzaliwa kabla ya wakati ni mtoto wa mama asiye na damu. Vikiisha zahanati, aulize siku vitakapofika au mume anunue duka la dawa, lakini asinunue foliki ya miligramu 5 kwa kujiamulia, kwani kiwango hicho kikubwa hupunguza nguvu ya SP dhidi ya malaria.

Mimba zinazofuatana nazo huikausha akiba. Surat Al-Baqarah aya ya 233 imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na wataalamu wa afya nao wanashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua ndipo mama abebe mimba nyingine. Kama mama anazaa kila mwaka, damu itatoka wapi? Hali ni hiyohiyo kwa binti aliyetoka unyago juzi, akaolewa na kushika mimba ya miaka 16. Mwili wake bado unajijenga wenyewe, halafu unatakiwa ujenge na mwingine.

Swali tunaloulizwa kila mwaka ni la Ramadhani. Je, mjamzito mwenye upungufu wa damu afunge? Sheria yetu imempa nafasi. Mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake anaruhusiwa kula. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani na kusini tunayafuata, akiihofia nafsi yake analipa siku hizo tu baadaye. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, analipa na kutoa fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Daktari akisema damu yake ni ndogo mno asifunge, basi kumlaumu ni kumtia uzito ambao Allah hakumtwika. Ambaye damu yake ni nzuri na daktari hakuona kizuizi, kidonge chake akimeze baada ya futari au wakati wa daku, na chai aisogeze mbali nacho.

Kwanini tumeyakazania haya yote? Kwa sababu ya siku moja. Mwanamke anayejifungua salama anaweza kupoteza mpaka nusu lita ya damu. Mwenye damu 12 hutoka kitandani akaomba uji. Mwenye damu 6, nusu lita hiyohiyo inaweza kumuua, na akitokwa na zaidi, hali huharibika katika muda mfupi kuliko gari la kutoka vijiji vya bonde la Ruvuma kufika hospitali ya Newala, Mkomaindo pale Masasi, au Ndanda. Kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asijifungulie nyumbani, na nyumba ijue mapema gari litakuwa la nani na nauli iko wapi.

Ijue pia nani atatoa damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda ya kusini pale Mtwara, na hospitali zetu hupokea wachangiaji. Wanachuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kuchangia damu kwa ajili ya kuokoa maisha, na wamekataza kuiuza. Mchangiaji awe na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe na afya njema. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Maimamu wa misikiti ya Masasi na Newala wanaweza kupanga na hospitali siku moja ya Ijumaa, baada ya Swala, wachangiaji wakakaa kivulini uani mwa msikiti wakitolewa damu wakati wengine wakisubiri zamu.